Nimepangiwa shule ya misheni Karamoja: magumu yenyewe ni yapi?

Swali: Assalaam aleikum mzee. Mimi ni mwalimu wa kike wa Gredi ya Tatu, yaani mwenye cheti cha kufundisha shule ya msingi, Mnubi wa Bombo. Niliomba kazi katika wilaya moja ya kaskazini mwa Karamoja, hapa Uganda, nikapata, na sasa nimepangiwa shule ya msingi iliyoanzishwa na misheni ya Kikatoliki, karibu na mpaka wa Kenya. Mimi ni Muislamu. Mama anaogopa wezi wa ng'ombe, shangazi anaogopa nitabadilishwa dini, na wenzangu wa chuo wanasema mshahara utachelewa. Nilipochukua barua yangu wilayani waliniambia tu, "Utazoea." Naomba uniambie magumu yenyewe ni yapi na nijiandae vipi. Niende?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Nenda. Nalitanguliza hilo ili usisome haya yote ukidhani nakuzuia. Lakini "utazoea" si neno la kumpa mwalimu anayeanza kazi mahali kama pale, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu.

Nilifundisha upande ule, kisha nikawa mkaguzi wa shule zake kwa miaka mingi. Walimu niliowaona wakifunga mizigo kabla mwaka haujaisha, wengi wao hawakushindwa na jua wala na chakula. Walichoshwa na kuonekana mkono wa mtu mwingine. Kwa mzazi, mwalimu wa shule ya misheni ni mtu wa padri. Kwa parokia, ni mtu wa serikali. Kwa wilaya, ni jina katika orodha ya mishahara. Nawe, mwanangu, utaongezewa la nne ambalo nitalifikia. Magumu mengine yote, ya nyumba, maji, mshahara na dini, yanazidi uzito kwa sababu ya hilo, maana tatizo likitokea kila mlango unakuelekeza mlango wa jirani.

Jambo hili ni la zamani. Mwezi Oktoba 1918, huko Paimol katika nchi ya Waacholi, mashariki ya Kitgum, waliuawa kwa mikuki walimu wawili wa dini waliotumwa na mapadri wa Komboni. Daudi Okelo alikuwa kijana asiyefika miaka ishirini. Mwenzake, Jildo Irwa, alikuwa mvulana tu. Kazi yao ilikuwa kuwakusanya watoto asubuhi, kuwafundisha sala na nyimbo, na kuzunguka vijijini. Hawakuwa na ugomvi na mtu. Lakini mwaka ule watu walikuwa na njaa na maradhi, na juu ya hayo wakoloni walikuwa wameingilia mambo ya uchifu na bunduki za wenyeji. Waliokuwa na hasira na serikali waliona wageni wawili wanaofundisha mambo mapya, wakawahesabu upande wa serikali. Kanisa liliwatangaza Wenye Heri tarehe 20 Oktoba 2002, na kule kaskazini utakuta majina yao mahali pengi. Sikusimulii haya kukutia hofu. Mambo ya mwaka ule si ya leo. Nakusimulia kwa sababu kosa lililowaua, la kumhesabu mwalimu kuwa mtu wa wengine, bado linafanyika kila siku kwa namna ndogo ndogo.

Karamoja ina kisa chake. Wazee wanasimulia kwamba enzi za ukoloni kalamu ililaaniwa na kuzikwa ardhini, kwa kuwa ndiyo iliyoandika majina ya vijana waliochukuliwa kwenda vitani. Katika miaka ya 1990 ndipo wazee wakafanya tambiko la kuifukua, watoto wapate kusoma bila laana. Misheni ya Kikatoliki ilikuwa imefika Kangole tangu 1933, wakati Karamoja bado ni wilaya iliyofungwa na mgeni haingii bila kibali, na kwa miaka mingi shule za misheni zilifanya kazi katikati ya watu walioiogopa kalamu. Kwa hiyo siku utakapofungua rejista mbele ya mzazi, fahamu unashika kitu chenye historia. Andika jina la mtoto, muulize mzazi jina hilo lina maana gani, umsikilize. Usiulize ng'ombe wa nyumba hiyo ni wangapi, hata kwa mazungumzo ya kawaida. Swali hilo huulizwa na mwizi na mtoza kodi.

Sasa la nne nililokuahidi. Wewe unazungumza Kiswahili vizuri, na pengine unadhani kitakufaa. Kitakufaa sokoni, kwa madereva wa malori, kwa Waturukana wanaovuka mpaka, na kwa wafanyabiashara. Lakini manyattani, kwenye maboma ya wafugaji, Kiswahili kina sura nyingine: kitakufanya uonekane mtu wa jeshi. Hadi 1921 Karamoja ilikuwa chini ya jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), jeshi ambalo wazee wetu Wanubi walilitumikia, na Bombo yako ilikuwa makao ya batalioni yake ya nne. Baadaye zikaja operesheni za kupokonya silaha za 2001 na 2006, na ile iliyoanza 2021 ilipewa jina la Kiswahili, Usalama Kwa Wote. Mtoto wa darasa la kwanza huenda maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyowahi kuyasikia ni "kaa chini" na "toa bunduki", akiambiwa baba yake, usiku. Usiingie darasani na Kiswahili kikali. Ni kweli baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nawe huenda ukapewa somo hilo kwa sababu unakizungumza vizuri. Likubali kwa moyo wote. Anza na nyimbo, hesabu za soko, majina ya wanyama, watoto wakisikie kikitoka kinywani mwa mtu anayecheka nao. Sijaona kazi nzuri kuliko hiyo kwa mwalimu Mnubi katika nchi ile.

Na wewe jifunze lugha yao tangu wiki ya kwanza. Mtaala unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali, na mwalimu mgeni akipewa darasa la kwanza bila lugha huishia kuandika ubaoni na kuwaimbisha watoto wasichokielewa. Mwombe mkuu wa shule akuanzishie madarasa ya juu mwaka huu wa kwanza. Ukisalimiwa "Ejoka?" jibu "Ejok", halafu uendelee kuuliza. Kama shule iko milimani kwa Waik, lugha ni nyingine kabisa, na itabidi umtegemee msaidizi wa pale.

Niseme sasa habari ya nani ni mkubwa wako, maana hapa ndipo walimu vijana hupotea. Zamani mwalimu wa misheni aliajiriwa na padri. Padri alimpa nyumba, alimlipa, alimfukuza, na Jumapili alimtarajia aongoze sala. Baada ya uhuru wa 1962, mwanzoni mwa miaka hiyo ya sitini, serikali ilichukua uendeshaji wa shule hizo. Walimu wakawa watumishi wa serikali, lakini ardhi, kanisa na mara nyingi nyumba za walimu zikabaki za misheni. Sheria ya elimu ya 2008 inaitambua misheni kama mwanzilishi wa shule, nayo hupendekeza wajumbe wengi wa kamati ya shule, mwenyekiti akiwemo. Maana yake kwako ni hii: mwajiri wako ni wilaya, msimamizi wako ni mkuu wa shule, mwenye nyumba wako huenda ni parokia, na kamati ya shule ina watu wa wote hao. Nyumba ikivuja, usiende kumlilia ofisa elimu. Yeye hana bati. Mshahara usipoingia, usimlaumu padri. Zungumza na mkuu wa shule, na jambo kubwa liandike. Barua yenye tarehe ina nguvu kuliko mazungumzo kumi chini ya mwembe.

Shangazi yako anaogopa dini. Mwambie Katiba ya 1995 inasema Uganda haina dini ya taifa, na uhuru wa kuabudu uko katika kifungu cha 29. Shule ikishapokea walimu wanaolipwa na serikali, haiwezi kukulazimisha kwenda Misa wala kubatizwa. Lakini sheria peke yake haitakupa amani pale. Shule ile ilijengwa na watu wa sala. Asubuhi paredi itaanza kwa ishara ya msalaba, Mei kutakuwa na rozari, na tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, shule nzima huwa katika sherehe. Wewe simama kwa heshima na wenzako, usiseme maneno ambayo si ya imani yako. Hilo linatosha, na mapadri na masista wengi nilioishi nao waliliheshimu bila kinyongo. Jambo la kukataa, kwa adabu, ni kupangiwa kufundisha katekisimu. Mwambie mkuu wa shule wiki ya kwanza, kabla ratiba haijatoka: "Mwalimu, mimi ni Muislamu, somo la dini naomba apewe mwenzangu, nami nitachukua la kwake jingine." Ukilisema mapema ni mpangilio wa kazi. Ukilisema katikati ya muhula, mbele ya wengine, linakuwa ugomvi wa dini. Hijabu yako vaa. Nyama, chinja kuku wako mwenyewe. Moroto kuna Waislamu na msikiti, na ukienda mjini utakutana na watu wa nyumbani.

Kuhusu mshahara wenzako hawakosei. Mwalimu wa Gredi ya Tatu hupata kama shilingi laki tano za Uganda kwa mwezi kabla ya makato, na mwalimu mpya mara nyingi hukaa miezi kadhaa kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo. Malimbikizo hulipwa baadaye, lakini tumbo halingoji baadaye. Ukiweza, enda na akiba ya kukufikisha mwisho wa muhula. Beba nakala za barua ya uteuzi, barua ya kupangiwa kituo, cheti cha usajili wa ualimu, kitambulisho cha taifa na namba ya mlipa kodi, na seti nyingine iache kwa mama Bombo. Nimeona walimu wakisafiri siku mbili kufuata karatasi moja. Kisha ukipata hati ya kwanza ya mshahara, tazama kama ina ile nyongeza ya mazingira magumu, asilimia 30 ya mshahara wa msingi, iliyowekwa 2010 kwa watumishi wa sehemu ngumu kufikika. Isipoonekana, uliza kwa maandishi. Na usichukue mkopo mwaka wa kwanza. Wakopeshaji watakufuata kwa sababu wewe ni mtumishi wa serikali. Ukishakatwa nusu ya mshahara, hata nauli ya likizo itakushinda, nawe utaichukia shule kwa deni ambalo halikutoka shuleni.

Nyumba na maji nitapita haraka, maana utaviona mwenyewe. Omba chumba karibu na masista kama wapo, chenye mlango wa komeo la ndani. Kisima cha pampu kina foleni ndefu kiangazi, na mwalimu anayejipenyeza mbele ya kina mama kwa sababu ni mwalimu amejiharibia kwa mwaka mzima. Nunua madumu, mlipe mtu akuchotee.

Darasani ndiko nataka ukae zaidi. Msichana wa miaka tisa ataingia na mdogo wake mgongoni. Mtoto atalia, atakojoa, atataka kutambaa kwenye vitabu. Walimu wengi humrudisha nyumbani, na kwa kanuni za darasa wana haki. Lakini msichana huyo akirudishwa leo, kesho hayupo, na miaka michache baadaye ameolewa. Tandika mkeka nyuma ya darasa. Mpe mtoto kifuniko cha chupa achezee. Mweke dada yake karibu na mkeka, uendelee na somo. Wavulana nao watakuja kwa majira. Mvua kule ni msimu mmoja, kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Kiangazi kikikaza mifugo huhama, na wavulana huhama nayo. Usimwandike "mtoro" mtoto anayechunga. Muulize anarudi lini, umwekee daftari lake. Ndiyo maana 1998 ulianzishwa mpango wa elimu mbadala wa Karamoja, ABEK, ambapo watoto wa wafugaji husomeshwa manyattani alfajiri kabla ya kuchunga na jioni wakirudi. Kama kuna msaidizi wa mpango huo karibu nawe, mfanye rafiki. Anajua ni mtoto yupi anataka kuja shuleni na ni baba yupi anayekataa.

Tena kuna sufuria. Uji wa asubuhi na posho, yaani ugali, na maharage ya mchana, ambavyo kwa miaka mingi vimetegemea sana Shirika la Chakula Duniani, ndivyo vinavyojaza shule. Lori likichelewa, darasa lililojaa Ijumaa utalikuta Jumatatu na viti vitupu, na walimu wengine watasema wazazi hawajali elimu. Si kweli, na nakuomba usijiunge na maneno hayo. Nchi iliyopoteza kama mtu mmoja katika kila watano kwa njaa ya 1980 inajua kuhesabu nani amekula leo. Mtoto asiyekula shuleni anatafutiwa chakula kwingine, na kukitafuta ni kazi ya siku nzima. Waulize mkuu na kamati kama shule ina shamba la mtama. Kama halipo, hapo pana kazi ya kuanza na wazazi mvua ya kwanza ikinyesha. Mzazi aliyelima shamba la shule huiona shule ni yake, na wewe huwi tena mtu wa padri tu.

Liko jambo moja usilifanye peke yako kabisa. Siku moja, pengine usiku, msichana wa darasa la sita atakuja mlangoni kwako akisema anaozwa, au, kama ni wa Wapokoti au Watepeth, kwamba anapelekwa kukeketwa. Asubuhi kaka zake watasimama langoni, kwa sababu ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa. Ukeketaji ni kosa la jinai kwa sheria ya 2010, na kuoza mtoto ni kosa pia, lakini wewe ni mwanamke mmoja katika nyumba ya tope. Mpe maji, mpe pa kulala, na usiku uleule mwamshe mkuu wa shule na sista. Wao wawaite polisi wa dawati la watoto na afisa ustawi wa jamii. Mazungumzo na kaka zake yafanywe na wazee na misheni. Hapa utaona kwa nini nasema shule ya misheni si adui yako. Misheni nyingi kule zimewahifadhi wasichana kwa miaka mingi, zina kuta, na zina jina ambalo hata mwenye hasira husita mbele yake. Jina hilo lilijengwa na watu waliokaa, waliouguza wagonjwa, waliogawa chakula njaa ilipokuja. Wewe utaanza bila jina. Tegemea kivuli cha jina lao mpaka lako liote.

Wizi wa ng'ombe ulirudi kwa nguvu kuanzia 2019, na mama hakosei kuuliza. Shabaha ni mifugo, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye mazizi, malishoni na njia za kuswagia ng'ombe, na pia barabarani nyakati mbaya. Usisafiri usiku. Kabla ya kupanda boda au lori, muulize dereva na muulize mtu wa pili habari za barabara ya siku hiyo. Usifuatane na mifugo, hata kama mchungaji ni baba wa mwanafunzi wako. Kukiwa na milio usiku, lala sakafuni mbali na dirisha, usitoke kutazama. Na mtandao wa simu ukiwa hafifu, panga na mama siku moja ya wiki ya kumpigia kutoka senta, asije akasikia habari redioni na kukosa kukupata. Kabla hujaondoka Bombo, mpigie mkuu wa shule umuulize mambo matatu: kama nyumba ipo, kama chakula cha watoto kimefika muhula huu, na kama kuna mwalimu mwingine mwanamke anayelala pale shuleni. Jibu la tatu likiwa hapana, mwombe kwa maandishi akupatie chumba kwa masista kabla hujafunga begi, na namba zao za simu umwachie mama.